Neno inline na Joto la Duarani

Wiki ile nzima sikulala sawasawa kwa sababu ya neno moja katika mstari mmoja wa programu. Ukilisema kwa sauti, swali lilikuwa la kitoto: niliondoe neno hilo ili kikaguzi, programu inayokagua programu nyingine, kiridhike, au niliache, na kikaguzi kiniwekee alama nyekundu mbele ya watu wa dunia nzima nisiowajua? Nikilalia ubavu wa kulia niliona hakuna mjadala, naliondoa. Nikigeukia wa kushoto niliwaona watu wako chini ya ardhi, wamefunga kifaa changu mkandani, hewa imeharibika, na kifaa kimenyamaza.

Nieleze tangu mwanzo, maana jambo hili likielezwa kwa haraka linaonekana ni wazimu mtupu.

Nilikuwa nimetoka chuo si muda mrefu, na nilikuwa nimepata kazi katika karakana ya vifaa vya kielektroniki pale Ibadakuli, Shinyanga, upande ambao ndege ikishuka kwenda uwanjani mabati yote yanatetemeka na unasubiri ipite ndipo umalizie sentensi yako. Mwenye karakana ni mwanamke aliyenizidi umri kiasi cha kumwita Dada bila kusita. Tulitengeneza vidhibiti vya pampu za maji na kukarabati mizani za wanunuzi wa pamba, na katika kipindi hicho Dada alikuwa ameingiwa na wazo la kutengeneza king'ora kidogo cha hewa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Wachimbaji wakishalipua mwamba kwa baruti, moshi na hewa mbaya vinabaki chini kwenye shimo lao, ambalo wao wanaliita duara. Mtu akishuka mapema, miguu inalegea akiwa bado kwenye ngazi. Wengine hutolewa na wenzao, wengine hawawahiwi. Kifaa chetu kilikuwa kisanduku cha kuenea kiganjani. Kinapima hewa, kinaonyesha namba, na hewa ikipungua nguvu kinapiga kelele.

Viwili vya majaribio tulivipeleka kwenye duara moja upande wa Bukombe, si mbali na nyumbani kwetu Ushirombo. Havikukaa sana. Msimamizi wa duara lile, mzee mmoja mwenye sauti ya kuimba kwaya, alinipigia simu.

"Injinia, kitu chako kinachoka."

"Kinachoka vipi, Baba?"

"Huku juu kinasema vizuri tu. Tukifika chini kinaduwaa. Namba inasimama palepale."

"Hakilii?"

"Hakilii, hakinuni, hakifanyi chochote. Kimekuwa kama mtu aliyesinzia kanisani. Macho wazi, lakini hayupo."

Alicheka, mimi sikucheka. Niliviomba virudi, navyo vikaletwa na basi vikiwa vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vumbi la mwamba, na nikaanza kutafuta.

Sababu ilinichukua muda, lakini nilipoiona niliielewa yote kwa mara moja, na hapo ndipo mshangao wangu wa kwanza ulipoanzia. Kipima hewa kinazungumza na chipu yetu, yaani ubongo wa kifaa, kupitia waya mmoja. Kinatuma mapigo, marefu na mafupi, kwa kasi ambayo akili yangu haiwezi kuipiga picha hata leo. Chipu inatakiwa kuutazama waya ule kwa wakati wake hasa. Ikichelewa kidogo, kidogo ambacho wewe na mimi hatuna hata kiungo cha kukihisi, pigo refu linaonekana fupi, na ujumbe wote unaharibika. Programu ikigundua ujumbe umeharibika inautupa, inaomba mwingine, nao ukiharibika inautupa tena. Wakati wote huo kioo kinaendelea kuonyesha namba ya zamani. Na saa ya ndani ya chipu ya bei nafuu kama yetu hubadilisha mwendo ikipata joto. Chini kwenye duara kuna joto.

Lile la kioo tulilitengeneza siku ileile: kikikosa kipimo, kilie. Lakini Dada aliniambia kitu ambacho nilikijua pia. King'ora kinacholia kila mara bila sababu, wachimbaji watakizima na kukitupa kwenye ndoo. Ilibidi kipime kweli, chini, kwenye joto.

Tatizo lenyewe lilikuwa kwenye kipande cha programu kinachoutazama waya. Kipande kama hicho, chenye kazi moja na jina lake, tunakiita fanksheni. Kwa kawaida programu ikifika mahali inapohitaji fanksheni, inaacha ilichokuwa inafanya, inaenda fanksheni ilipo, kazi inafanyika, kisha inarudi. Ni kama mama ntilie anayemtuma mtu dukani kufuata chumvi kila sahani inapotaka chumvi. Katika C, lugha tunayoandikia programu, kuna neno inline, ambalo ni kumwambia mama ntilie aweke chumvi pembeni ya kila sahani. Kazi inafanyika palepale, hakuna safari. Tatizo ni kwamba neno hilo ni ombi tu. Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa kitu ambacho chipu inakielewa, ikiona nafasi ni ndogo inaweza kulisikia ombi lako na kuamua vingine. Kompaila yetu ilikuwa imeamua vingine. Kila mara chipu ilipotakiwa kutazama waya, ilisafiri kwanza. Kwenye baridi ya meza yetu iliwahi. Kwenye joto ilichelewa.

Ipo namna ya kuilazimisha kompaila, ukaondoa neno la ombi ukaweka neno la amri. Nikafanya hivyo. Kazi ya dakika chache. Ningekuwa mtu mwingine, hadithi ingeishia hapo.

Lakini fanksheni ile haikuwa yangu. Ilikuwa ndani ya maktaba huria ya programu za vipima hewa, inayotunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na mtu yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Na Dada ana sheria moja asiyoilegeza: kwenye kifaa cha mteja haiendi programu yenye marekebisho ya siri ya karakana.

"Leo upo," aliniambia. "Kesho umepata kazi Dodoma, au umeolewa, au vyote viwili. Nani atajua ulichokuwa umekichokonoa humo ndani?"

"Nitaandika maelezo, Dada."

"Waandikie wenye maktaba. Wakikubali, tunafunga vifaa vyote tunapeleka. Wasipokubali, wale wazee waendelee kunusa kwa pua zao mpaka tupate njia nyingine."

Kwa hiyo kila kitu kilisimama kwenye marekebisho yangu. Na kabla binadamu yeyote hajayaona, yalitakiwa kupita kwa kikaguzi wanachokitumia wenye maktaba.

Sijui niielezeje siku niliyokiendesha kikaguzi kile mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la karakana, nje wanapita bajaji, na nilitarajia kusubiri. Sikusubiri. Kilisoma kila mstari nilioandika na mistari ya jirani kabla sijaondoa kidole kwenye kibonye, kikanirudishia maonyo kwa upole wa kutisha. Kilisema katika mstari wangu mmoja neno inline nimelitanguliza, na lilitakiwa kukaa baada ya neno static na kabla ya aina ya jibu ambalo fanksheni inarudisha. Kilisema mahali pengine nimeliandika inline kwa namna ya zamani, yenye mistari ya chini kushoto na kulia, na kwamba la kawaida linatosha. Halafu onyo la mwisho: usiilazimishe kompaila, tumia inline ya kawaida, iache iamue yenyewe.

Mawili ya kwanza niliyarekebisha kwa furaha ambayo sikuitegemea. Nilihamisha neno hatua moja kulia, na mstari ukakaa sawa kama kitanda kilichotandikwa. Niliyatazama mafaili mengine ya maktaba ile, yaliyoandikwa na watu ambao wengine mchana wao ni usiku wangu, na kote neno lile lilikuwa limekaa mahali palepale. Kote. Niliona aibu kidogo kwamba nilikuwa nimeliandika mahali pengine bila hata kufikiri kwamba lina mahali pake.

Kwa sababu mimi ni mtu wa kutotosheka na jibu, nikakifungua kikaguzi chenyewe. Nacho ni programu, na maandishi yake yako wazi kwa mtu yeyote. Ni marefu mno. Nilishuka nayo nikishuka, mistari kwa maelfu, na kila sehemu inahangaika na jambo dogo ambalo ningedhani hakuna mtu duniani anayelijali: nafasi baada ya mkato, mabano yanayofunguka mahali pasipotakiwa, herufi kubwa. Nilipoifikia sehemu ya inline ilikuwa fupi ajabu. Mistari michache tu. Na pembeni ya kila mstari kuna kumbukumbu ya nani aliuongeza na kwa nini. Mtu wa kwanza alikuwa amechoka kuwaambia wageni jambo lilelile, basi akaifundisha mashine iseme kwa niaba yake. Mwingine alikuja baadaye akaona mashine inakosea katika hali fulani, akairekebisha. Mwingine akaja kuongeza namna ya zamani yenye mistari ya chini. Walikuwa wanabishana kwa adabu, wanakubaliana, wanaondoka, na makubaliano yao yanabaki yamegandishwa katika alama ambazo zilikuwa zikinisoma mimi, Ibadakuli, ambaye hawakuwahi kujua nitazaliwa.

Nilivua miwani nikaifuta. Nilipokuwa mdogo nilijisikia vile nilipoingizwa mara ya kwanza kwenye kanisa kubwa, nikatazama juu na kufikiria kila tofali liliinuliwa na mkono wa mtu.

Na bado kitu kingine kilinishangaza zaidi, kikaniogopesha pia. Kikaguzi hakijui C. Nilisoma mara nyingi kuhakikisha. Hakielewi fanksheni yangu inafanya nini. Kinatazama umbo la maneno tu, neno gani limekaa kando ya neno gani, kama mtu anayekagua kwaya kwa kutazama sare bila kusikia sauti. Maana yake onyo lile la tatu halikusema kwamba nimekosea. Lilisema nimevaa tofauti. Lakini watu waliolitunga walikuwa na sababu. Walikuwa wamewaona wageni wengi wanaoilazimisha kompaila kwa kujidai, na wakaharibu. Mimi nilikuwa nani, nijione si mmoja wao?

"Limebaki onyo moja?" Dada aliniuliza.

"Moja."

"Liondoe."

"Nikiliondoa, neno la amri linakuwa ombi tena."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu hapa mezani. Nimepanga upya mistari, na hata kwa inline ya kawaida kinasoma vizuri."

"Sasa unalia nini?"

"Hapa mezani hakuna joto, Dada."

Aliinua macho kutoka kwenye mizani aliyokuwa anaifungua. "Basi peleka kwenye joto. Unanitazama mimi, nina joto?"

Nilianza na mashine ya kukaushia nywele, ya saluni ya jirani. Nilikipulizia kifaa hewa ya moto huku msusi akinichungulia mlangoni na kuuliza kama kinataka na mafuta ya nywele. Mara kilikosa, mara hakikukosa. Joto lilikuwa upande mmoja tu, na sikuamini jibu lolote, liwe baya au zuri. Na kwa kweli nilikuwa nataka jibu moja, na mtu anayetaka jibu moja hatakiwi kujiamini. Nikaenda nyumbani Ushirombo.

Mama alinipokea kwa kunitazama kwanza mashavu.

"Umekonda. Ni kazi au ni mawazo?"

"Ni neno moja, Mama."

"Amekuambia nani?"

"Halina mtu. Liko kwenye kompyuta."

"Basi si ulifute?"

Kila mtu alinishauri kulifuta.

Asubuhi bodaboda ilinifikisha duarani. Nilimwamkia msimamizi, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Shinyanga, za wazazi, za safari, za mvua, na kila moja nikaijibu ingawa mkoba ulikuwa unanivuta bega. Nilikuwa na vifaa viwili. Kimoja nilikizungushia utepe wa njano, hicho kilikuwa na neno la amri. Cha pili utepe wa bluu, kilikuwa na inline ya kawaida, ile ambayo kikaguzi kiliipenda. Sikumwambia mtu yeyote kipi ni kipi.

"Ninashuka nanyi," nilisema.

"Hushuki," alisema msimamizi.

"Kwa usalama?"

"Ningeweza kukudanganya kwamba ni usalama. Ni wenzangu. Wanasema mwanamke akishuka, dhahabu inakimbia."

"Na wewe Baba unaamini?"

"Mimi ninaamini kwamba ukishuka leo hakuna atakayefanya kazi. Kaa hapo kivulini, Injinia. Tutakuletea maneno."

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa ya haki, hata leo sijaibadilisha. Lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili ya jibu, nikakaa. Na kwa kukaa pale nikaona namna yao ya kufanya kazi, ambayo ningeshuka nisingeiona.

Duara linashuka kwa ngazi zilizofungwa kwenye magogo, na kila ngazi inapoishia pana mbao za kusimama. Kwenye kila mbao anakaa mtu. Neno likitoka chini kabisa halifiki juu kwa nguvu ya mtu mmoja, maana shimo linapinda na sauti inakufa. Mtu wa kwanza analichukua, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, mpaka linatoka mdomoni mwa yule aliye karibu na mwanga. Msimamizi aliniambia kanuni ni moja: unarudia ulichosikia. Huongezi, hupunguzi, hufafanui.

"Hapo katikati hakuna mwenye maoni," alisema. "Mwenye maoni tunampeleka kwenye karasha akasage mawe."

Walishuka. Jua lilipanda, na mimi nikafikiria kila waya niliouunganisha. Halafu sauti ikaanza mbali, ikarudiwa karibu, ikarudiwa karibu zaidi.

"Njano, ishirini!"

"Bluu, ishirini!"

Ishirini ni namba ya hewa nzuri. Vyote vinafanya kazi. Basi neno halina maana, nimewasumbua watu bure, nitalifuta.

"Waambie wasubiri vipate joto," nilimwambia msimamizi. "Halafu mmoja apulize pumzi yake kwenye tundu dogo la mbele. Kwanza njano, halafu bluu." Pumzi tuliyokwisha kuitumia ina hewa hafifu, kifaa kizima lazima kishushe namba.

Neno likashuka kwa midomo ileile. Tukasubiri tena.

"Njano imeshuka!"

"Imeshuka mpaka ngapi?" Neno likaenda, likarudi.

"Kumi na saba! Sasa inapanda!"

"Bluu?"

Neno likashuka tena.

"Bluu imesimama! Ishirini! Inalia!"

Halafu, kwa sauti ileile ya heshima, mtu baada ya mtu, bila hata mmoja kucheka, neno jingine likapanda: "Mwambieni Injinia, bluu imekataa pumzi yangu kwa sababu nimekula kitunguu!"

Yule wa juu kabisa alilisema kwa uso mkavu, akinitazama, kana kwamba anasoma tangazo la kanisani. Msimamizi aliinama akashika magoti kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama lini.

Bluu ilikuwa imekosa kipimo, ndiyo maana ililia. Mtu wa kawaida angeondoka hapo. Nikaomba vifaa vipande juu.

"Injinia, si tumeona?"

"Tumeona kisanduku. Hatujaona programu. Labda bluu ina ugonjwa wake wa kuzaliwa."

"Ha! Wabeja," alisema, akamaanisha kinyume cha asante. Lakini akaamuru.

Niligeuza ndoo, nikaweka kompyuta juu yake, nikavibadilishia vifaa programu zao. Sasa neno la amri lilikuwa kwenye bluu, na lile la kawaida kwenye njano. Wakashuka tena, wakinung'unika kwa Kisukuma mambo ambayo nilijifanya siyasikii. Nikasubiri huku nimekunja vidole.

"Bluu imeshuka!" Likafuata, mdomo kwa mdomo, lile nililokuwa nalisubiri. "Njano imesimama! Inalia!"

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu nilichohisi nikiwa kwenye ukingo wa lile shimo. Nje hakuna kilichobadilika: mbuzi, turubai, mlio wa karasha kwa mbali. Lakini nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu tofauti ya neno moja. Neno ambalo kwenye kioo changu halikuwa na uzito wowote lilikuwa limeshuka chini ya miamba, likaingia kwenye joto, likakutana na pumzi ya mtu aliyekula kitunguu, likarudi kwangu kwa midomo ya watu ambao hawakujua wamebeba nini na hawakulipunguza hata kidogo. Nilitaka kumshukuru kila mmoja kwa mkono. Walipotoka nilifanya hivyo, nao wakaniona wa ajabu.

"Vitakuja lini vingine, vinavyofanya kama hiki?" msimamizi aliniuliza, akiwa ameshika kile cha bluu.

"Kuna watu lazima wakubali kwanza."

"Wa serikali?"

"Hapana. Sijui wako wapi. Wako kila mahali."

Alitikisa kichwa. "Waambie sisi tunashuka kila siku."

Ungefikiri hapo shaka ingekwisha. Kwenye basi la kurudi Shinyanga ilirudi ikiwa imebadili nguo. Nilikuwa na uhakika sasa kwamba neno linahitajika, lakini watu wale wangeona alama nyekundu kabla ya kusoma sababu. Wangesema huyu hata kikaguzi hajapita. Ningeweza kulificha neno, nikaliweka kwa njia ya kuzunguka ambayo kikaguzi hakiitambui, maana nilikuwa nimeshasoma tumbo lake lote na nilijua kinapotazama na kisipotazama. Ingetokea alama ya kijani. Hakuna ambaye angejua. Nililifikiria jambo hilo kutoka Kahama mpaka tunaingia mjini, na kila nililopanga lilikuwa linawezekana, na ndiyo maana lilinitia hofu.

Kilichonisaidia ni kwamba sikuwa nimesoma mwongozo wa kikaguzi. Nilikuwa nimesoma maandishi yake yote ya ndani na kuruka karatasi ya maelezo ya mlangoni, mimi ambaye husoma hata masharti ya nyuma ya tiketi ya basi. Siku ya pili karakanani niliufungua. Karibu na mwanzo kabisa, waliokitengeneza wameeleza kwamba hiki ni msaidizi, hakichukui nafasi ya akili ya mtu. Kama programu yako ni bora ikiwa na kosa kuliko bila kosa, iache na kosa lake, lakini ueleze.

Nilisoma mara ya pili na ya tatu. Watu walioandika maelfu ya mistari ya ukali, wenye subira ya kupima nafasi baada ya mkato, walikuwa wametangulia kusema kwamba watakosea kuhusu mtu fulani, mahali fulani, na mtu huyo aruhusiwe kusema. Walikuwa wameacha mlango wazi bila kujua nani atapita. Ndege ilishuka, mabati yakatetemeka, na mimi nikawa nimeinamia meza ili Dada asinione uso.

Nikaandika. Juu ya fanksheni niliweka maelezo mafupi: kwamba hapa kompaila inalazimishwa kwa makusudi, kwa sababu kwenye joto saa ya chipu hubadilika mwendo na safari ya kwenda na kurudi hupoteza pigo. Kwenye barua ya kusindikiza nikaeleza jaribio lote, vifaa viwili, kubadilishana programu, duara, pumzi. Nilisema wazi kwamba onyo nimeliona, na kwamba nimeliacha.

Dada alisoma akiwa amesimama nyuma yangu, akitafuna muhogo.

"Mbona kila mstari unaomba msamaha?"

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa. Samahani kwa usumbufu, samahani kama nimekosea, samahani kwa Kiingereza changu. Umemkanyaga nani?"

Nikazifuta samahani zote. Barua ikabaki fupi, ikawa kama imeandikwa na mtu mwingine, mtu ambaye ningependa kufanya naye kazi.

"Na kuhusu wale watu wa duara, umeandika kwamba wanashuka kila siku?"

"Sikuandika. Niliona kama ni kuwabembeleza."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi andika."

Nikaandika. Kikaguzi kilipita tena juu ya mistari yangu, haraka kama kawaida yake, kikakubali kila kitu isipokuwa neno lile, kikaliwekea alama nyekundu. Sikulisogeza neno, sikulificha. Nikatuma marekebisho pamoja na barua.